Kipande cha Nne

Mzee Halo hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na mji mzima, kwa sababu kwa miaka ishirini na tisa alikaa kwenye kiti kirefu cha ofisi ya simu, mbele ya ubao wenye matundu mia mbili, na kila aliyeinua simu nyumbani kwake alikutana kwanza na sauti yake: "Halo, nikuunganishe na nani?" Alipostaafu, ubao ule uling'olewa ukapakiwa kwenye lori kama kabati bovu, lakini neno lenyewe alibaki nalo. Ukigonga mlango, "Halo." Ukimletea chai, "Halo." Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa na kuwekwa mikononi mwake, mzee alimkazia macho, akasema, "Halo, nikuunganishe na nani?" Wodi nzima ikaangua kicheko, hata wale waliokuwa na uchungu.

Binti yake waliyemwita Fundi alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, kati ya duka la mikate na chumba cha mshonaji. Meza yake ilijaa bisibisi ndogo kuliko kiberiti na simu zilizofunguliwa matumbo. Mtu akija analia kwamba simu yake imekufa, Fundi huuliza, "Imekufa au imezimia?" Mara nyingi huwa imezimia tu.

Lakini kazi iliyomfanya asilale vizuri haikuwa ya simu moja moja. Ilianzia kiwandani.

Kiwanda cha nguo kilikuwa mwisho wa barabara yao, na wanawake wengi wa mtaa walifanya kazi humo. Walikuwa na kundi lao la kuandikiana ujumbe. Siku moja mama mmoja aliandika humo kwamba mashine ya pili imeshakula vidole vya watu watatu na hakuna anayeitengeneza. Jioni hiyohiyo meneja alikuwa nao ujumbe ule, neno kwa neno. Kesho yake mama yule alizuiwa getini. Watu wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho: nani kasema? Nani kamwonyesha?

"Tunamtafuta mtu," Fundi alimwambia mshonaji, "na kosa liko kwenye mpangilio. Maneno ya mtaa mzima yanapita mahali pamoja. Sasa anayekaa mahali hapo si ndiye mwenye mtaa?"

"Basi watu wanyamaze," mshonaji akasema, uzi mdomoni.

"Au pasiwe na mahali pamoja."

Ikamchukua mwaka na nusu. Alitengeneza vikasha vidogo, kila kimoja kama sanduku la sabuni ya kipande, chenye antena fupi na paneli ya sola isiyozidi kiganja. Akapanda mapaa ya watu kuvifunga, ishirini na kimoja vyote pamoja: juu ya duka la mikate, juu ya tangi la maji, juu ya nyumba ya baba yake. Ujumbe ukitoka kwenye simu yako unaruka kutoka kikasha hadi kikasha mpaka ufike. Ukikiondoa kimoja, ujumbe unazunguka upande wa pili kama maji. Hakuna kikasha kikubwa wala kikasha cha bosi. Na vyote alivifundisha kusahau: kikishapitisha ujumbe, hakikumbuki umetoka wapi.

Siku alipomaliza, alikwenda kumweleza baba yake. Alibeba bahasha tatu.

"Hii ni barua yako, baba. Naiweka kwenye bahasha ndogo, naifunga. Hiyo ndogo naitia kwenye ya kati, naifunga. Ya kati naitia kwenye kubwa. Kikasha cha kwanza kinaweza kufungua kubwa tu, na ndani kinaona jina la kikasha cha pili, basi. Cha pili kinafungua ya kati, kinaona jina la cha tatu, basi. Anayejua imetoka kwako hajui inakwenda kwa nani. Anayejua inakwenda kwa nani hajui imetoka kwako."

Mzee alizichukua bahasha, akazivua moja baada ya nyingine kama mtu anayemenya kitunguu.

"Na anayeunganisha ni nani?"

"Hakuna."

"Katikati hakuna mtu?"

"Hakuna, baba."

"Na mimi ningekaa wapi?"

Fundi akacheka. "Kiti chako nimekiondoa, Mzee Halo. Tafuta kazi nyingine."

Mzee hakucheka. Alizipanga bahasha zote tatu kwa ukubwa, akazisawazisha kingo. "Ungekiondoa mapema," akasema. Kisha, "Kuna simu moja, mwanangu."

Sentensi hiyo Fundi aliijua tangu utotoni. Opereta alitakiwa asikilize kidogo tu, ahakikishe watu wawili wamesikizana, halafu achomoe plagi ya sikio lake awaache na mambo yao. "Kuna simu moja," mzee alikuwa akisema, "nilipaswa kuchomoa sikio nikaliacha." Mama yao alipokuwa hai, akisikia hivyo alisema chai inapoa. Baada ya mama kufariki, mzee mwenyewe ndiye aliyesema chai inapoa. Haikuwahi kuvuka hapo. Alimsikia nani, alimwambia nani, na huyo mtu akapatwa na nini, hakuna mtoto wake aliyejua.

Alipoanza kuumwa kifua, na daktari akaanza kuzungumza na watoto badala ya kuzungumza naye, alimwita Fundi.

"Nataka kusema kitu kwenye simu, kikae kimefungwa mpaka niwe sipo. Nawe usikifungue peke yako. Iko namna?"

Namna ilikuwepo. Fundi alimwonyesha jinsi ya kurekodi, na jinsi ufunguo wa rekodi unavyoweza kukatwa vipande vinne, ambapo vitatu vyovyote vikikutana vinafungua, lakini viwili havifungui kitu. Kila kipande ni maneno kumi na mawili ya kawaida yasiyo na maana yakiwa pamoja: sufuria, jumanne, kisigino, mvuke, na kadhalika. Unaweza kuyaandika kwenye karatasi na mwizi akadhani ni orodha ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Vipande unampa nani?" mzee akauliza.

"Unaowaamini. Mimi sitakiwi kuwajua."

"Hutakiwi?"

"Ndivyo nilivyoupanga, baba."

"Basi usiwajue," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka, mpaka akakohoa. Siku mbili baadaye alivaa viatu vyake vyeusi, akaving'arisha, akachukua fimbo akatoka peke yake mchana mzima. Aliporudi alikuwa amechoka kama aliyebeba mawe. Hakuna aliyemuuliza alikokuwa.

Alifariki wiki ya tatu baada ya hapo, alfajiri, na mazishi yakapangwa siku hiyohiyo.

Mtandao ule ulikuwa na sheria moja ambayo Fundi aliitunga mwenyewe na kuihubiri kila kibaraza: simu ya aliyefariki ifutwe siku ileile. Alikuwa na sababu. Simu ya marehemu ikiangukia mikononi mwa meneja, meneja anaingia kwenye mazungumzo ya watu kwa jina la mtu aliyezikwa. Basi asubuhi ya mazishi, ndugu wakiwa wanapanga viti nje, Fundi alijifungia chumbani kwa baba yake, akaichukua simu, akaifuta. Alibonyeza mara tatu, akathibitisha, kioo kikawa cheupe. Ndani ya ule msiba alihisi hata fahari kidogo, kwamba sheria yake ameitimiza kwa mtu wake mwenyewe.

Siku ya nne mshonaji alikuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, akachomoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye mto wake wa sindano.

"Pole tena, mwanangu. Baba yako aliniachia hii. Alisema nikupe mambo yakitulia." Akakohoa. "Alisema viko vinne. Mimi ninacho kimoja. Mwenzake wa zamu, yule mzee wa miwani, anacho. Kuna mtu wa tatu hakunitajia. Na cha nne kipo kwenye simu yake mwenyewe. Alisema, 'Hicho binti yangu anajua cha kufanya nacho.' Akacheka peke yake kama kawaida yake. Mbona umekuwa hivyo?"

Fundi alikuwa ameshaichukua simu ya baba yake, anaibonyeza, na kioo ni kilekile cheupe.

Alimweleza kaka yake jioni hiyo. Kaka yake ni dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa na machozi ya karibu.

"Umeifuta?"

"Nimeifuta."

"Sasa si uingie mwenyewe? Wewe ndiye uliyejenga mtandao, bwana! Hata mlango wa uani hukuweka?"

"Ningeuweka, kaka, meneja angeutumia kabla yangu."

"Meneja, meneja! Mimi nazungumzia sauti ya baba!" Akageukia ukutani. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. "Hata sikumbuki kitu cha mwisho alichoniambia. Nilikuwa safarini. Alipiga nikamwambia nitakupigia, baba, niko mlimani."

Mzee wa miwani alileta karatasi yake kesho yake, imekunjwa ndani ya kibweta cha miwani. Vipande vikawa viwili. Rekodi yenyewe ilikuwa imehifadhiwa kwenye kikasha cha juu ya nyumba ya mzee, na kitu kimoja tu kilijulikana kuihusu, kwa sababu kufuli linaficha maneno lakini halifichi urefu: dakika nne na sekunde kumi na moja.

Kikabaki kipande cha mtu asiyetajwa. Mtandao ulikuwa na ubao ambapo yeyote angeweza kuandika bila jina. Fundi akaandika: "Aliyeachiwa maneno kumi na mawili na Mzee Halo, namwomba ayalete, au ayaandike hapa kwangu kwa siri. Ni mimi binti yake."

Siku tano hakuna kitu. Ya sita, jibu likaja:

"Kipande ninacho. Sikileti."

Alilisoma akiwa amesimama, bisibisi mkononi, mteja akimsubiri. Akajibu palepale, vidole vikikosea: "Sijui nikuite nani, mzazi wangu au ndugu yangu. Humo kuna sauti ya baba yangu. Naomba."

Kesho yake:

"Mimi ndiye ile simu moja."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kichwani mwa Fundi. Mpaka jana mtu huyu alikuwa hayupo. Leo yupo, anakula na kuteka maji mahali fulani chini ya vikasha ishirini na kimoja, pengine alikuwa amemletea simu kutengeneza. Pengine alikuwepo mazishini, kwenye viti vya nyuma. Na angeweza kujulikana. Hilo Fundi alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye anayepanda mapaa. Vikasha havikumbuki, lakini anaweza kuvikumbusha. Programu ndogo, mistari ishirini: ujumbe ukiingia, andika saa. Ukilinganisha saa za vikasha kadhaa, unajua ujumbe umeanzia upande gani.

Saa tisa alasiri alipanda juu ya duka la mikate na kompyuta yake. Bati lilikuwa la moto, akakunja gunia akalikalia. Aliweka ile mistari ishirini kwenye vikasha saba alivyovifikia kutoka pale. Halafu akamwandikia yule mtu, si kwa kuomba tena. Aliuliza maswali madogo, maana kila jibu lilikuwa hatua moja karibu.

"Alikuja lini kwako?"

"Jumatano. Alikuwa na fimbo."

Akaandika saa kwa penseli nyuma ya karatasi ya mkate.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Viatu vyeusi vinavyong'aa. Nilijua anaumwa. Mtu mzima hang'arishi viatu hivyo kwa safari ya mtaani."

Akaandika saa. Vikasha vinne vikaondoka, vikabaki vitatu.

"Alikaa?"

"Nilimpa kiti. Alikataa. Alisema amekaa vya kutosha."

Akaandika saa. Kikabaki kimoja, kile cha tangi la maji. Chini ya tangi kulikuwa na milango sita, na Fundi aliijua yote kwa vitasa. Wenye umri wa kutosha kuwahi kupiga simu kupitia ule ubao wa zamani walikuwa wawili tu. Kutoka pale juu aliziona kamba zao za nguo. Kwenye moja kulikuwa na shuka la buluu. Akanyoosha shingo.

Penseli ilikuwa nyuma ya sikio lake. Hakukumbuka kuiweka pale. Aliishika, na alipoishika alikuwa amekwisha kuiona mahali pengine: kwenye picha iliyotundikwa sebuleni, baba yake kijana, kwenye kiti kirefu, chombo cha kusikilizia kichwani, penseli nyuma ya sikio lilelile la kulia, anatabasamu.

Alikaa muda gani pale hajui. Mwoka mikate alitoka nje akamwita, "Fundi! Umelala juu huko au unakaangika?" Alifungua vikasha saba kimoja baada ya kingine akaitoa ile mistari. Karatasi ya mkate akaichana vipande vidogo, akavitia mfukoni kwa kuwa hakutaka hata upepo uvisome. Kisha akaandika:

"Nimekutafuta. Nusu saa hivi, kwa vikasha, huku nakuuliza maswali. Nimefika karibu, nikaacha. Jina lako silijui na sitalijua. Nisamehe ukiweza."

Angeweza kutosema. Hakuna ambaye angegundua. Lakini alikuwa amekua ndani ya nyumba yenye sentensi isiyokwisha, na hakutaka na yeye awe na simu yake moja.

Jioni akaandika hivyohivyo kwenye ubao, watu wote wasome. Hawakuchukulia vizuri. Nyumba tatu zilishusha vikasha vyao na kumletea kibandani, bila salamu. Mshonaji alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, mama."

"Tulikuwa tunamwogopa meneja," akasema, akaondoka. Mwezi mzima alipeleka simu yake kwa fundi mwingine, na yule fundi akaiua kabisa, lakini hata hivyo hakurudi haraka.

Jibu la yule mtu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Lilikuwa refu kuliko yote.

"Ungefika mlangoni kwangu ningeyachoma yale maneno mbele yako. Sasa nitakwambia kitu kimoja halafu tusiandikiane tena. Nilimwambia baba yako, hivi vipande vinne, vitatu vikitosha, si wenzako watafungua bila mimi? Akasema, 'Hapana. Kimoja nimekiweka kwenye simu yangu. Binti yangu namjua. Ataifuta siku ileile, hatabakiza kitu, ni mtu wa sheria zake. Watabaki wawili na wewe. Bila wewe haisikiki.' Alilisema kama mtu anayejivunia mtoto. Safari ile alinisikiliza bila kuniuliza. Safari hii aliniuliza. Nimefikiri, na jibu langu ni hapana. Labda siku moja. Usiningoje."

Fundi alilisoma mara nyingi. Kwa wiki tatu alikuwa akijilaumu kwa kubonyeza mara tatu asubuhi ile, na kumbe baba yake aliutegemea mkono wake, kama fundi anavyotegemea nyundo anayoijua. Hilo lilimwondolea mzigo mmoja. Lakini mzigo wenyewe, akagundua, ndio uliokuwa umemshikia tumaini. Kama ni kosa, kosa hutafutiwa dawa. Hili halikuwa kosa. Baba yake alikuwa amepima, akachagua, na katika kuchagua huko aliweka mezani sauti yake ya mwisho aliyowaachia watoto wake, mtu mwingine aamue.

Alipomweleza kaka yake, alitegemea kelele. Kaka yake alisugua ufunguo wa lori kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo ametuchomoa sikio," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mzee huyu." Akafuta uso kwa kiganja kizima. "Mzee huyu jamani."

Vikasha vimebaki kumi na vinane. Kile cha juu ya nyumba ya mzee kina betri inayochoka haraka, na ikifa kabisa rekodi nayo itapotea, kwa hiyo kila baada ya wiki chache Fundi huegesha ngazi ukutani, anapanda, anabadilisha betri, anafuta vumbi kwenye paneli kwa upindo wa gauni. Mpangaji wa sasa alishazoea. Humwambia, "Karibu, Fundi, mpe mgonjwa wako dawa," na kumshikia ngazi.

Akishamaliza hashuki mara moja. Huiweka bisibisi kando, huangalia saa, halafu hukaa karibu na kile kikasha na taa yake ndogo ya kijani, mikono mapajani. Chini watu wanapita, mtu anamwita mtoto, duka la mikate linafungua dirisha lake. Mpangaji alidhani mwanzoni kwamba anapumzika, kisha akadhani anaomba, kisha akaacha kudhani.

Dakika nne na sekunde kumi na moja zikitimia, Fundi huinuka, hushika ngazi, hushuka kwenda kazini.